Unga uliokwisha kuumuka haungoji saini: tugawe vipi madaraka katika kiwanda kidogo cha mikate?

Fundi_wa_Kamalondo

Ndugu zangu, wazee na akina mama, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Tangu mwezi wa tatu nimekuwa msimamizi wa utawala katika kiwanda cha mikate cha familia moja, chenye wafanyakazi 34 bila kumhesabu meneja, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuchora organigramu, yaani mchoro wa nani yuko chini ya nani. Niliichora vizuri. Ilikuwa na visanduku na mistari iliyonyooka, meneja juu, majina yote chini yake, nikaibandika ukutani karibu na mlango wa ofisi. Wiki tatu baadaye tulimwaga mifuko miwili ya unga wa ngano, na ile karatasi haikuweza kutuambia kosa lilikuwa la nani.

Ilikuwa hivi. Saa nane za usiku umeme ulikatika. Zamu ya usiku ilikuwa na mikate kama 900 kwenye trei, imekwisha kuumuka, inangoja tanuri, na tanuri letu ni la umeme. Jenereta liliwashwa, likazimika baada ya dakika kumi kwa sababu tangi lilikuwa karibu tupu. Mazutu (dizeli) yalikuwapo, pipa zima, ndani ya ghala, hatua 20 kutoka kwenye tanuri. Mtunza ghala anakaa komini ya Kenya (Kenya ya Lubumbashi, msije mkadhani tunaajiri watu kutoka Nairobi). Alipigiwa simu, akaja kwa miguu usiku ule ule, akafungua kufuli, kisha akasema kwamba hawezi kutoa hata lita moja bila boni, yaani hati ya kutolea mali, yenye saini ya meneja. Meneja alikuwa Kasumbalesa akifuatilia unga uliokwama mpakani na Zambia, na simu yake ilikuwa imezimwa. Kapita, yaani mkuu wa zamu, alimsihi, akampa hata simu azungumze na mimi, lakini saini yangu mimi haihesabiwi ghalani. Kufikia saa kumi mikate ilikuwa imeporomoka kwenye trei, imeingia uchachu, haifai hata kuokwa na kuuzwa kwa bei ya chini.

Asubuhi meneja alitaka kumfukuza mtunza ghala kwa kukosa akili. Mama mwenye kampuni, ambaye ni dada yake mkubwa, alitaka kumfukuza kapita kwa kutochukua mazutu kwa nguvu. Mimi nilibaki na swali ambalo ndilo nalileta kwenu: wanaosomea uongozi wa mashirika wanatufundisha nini juu ya usiku kama ule, na je, tatizo ni watu hawa wawili au ni namna tulivyogawa madaraka?

Mzee_wa_Shimo

Mwanangu Fundi, nimesoma habari yako nikacheka kidogo, na unisamehe kwa hilo, kwa maana hasara ni hasara. Nilifanya kazi miaka 31 katika migodi ya huku kwetu Katanga, nikaanza kama msaidizi wa fundi umeme, nikamaliza nikiwa mkuu wa sehemu. Kisa chako kina umri mkubwa kuliko mji wetu wenyewe, ambao ulianzishwa mwaka 1910.

Mwaka 1861, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry huko Ufaransa, farasi mmoja aliyekuwa akifanya kazi chini ya ardhi alivunjika mguu. Mhandisi kijana ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 20 aliandika hati ya kuomba farasi mwingine. Mtunza zizi akaikataa hati hiyo kwa kuwa haikuwa na saini ya mkurugenzi. Mkurugenzi hakuwapo, na hakuna mtu aliyekuwa amewekwa mahali pake. Weka mazutu mahali pa farasi, utaona kwamba ni kisa kimoja. Kijana yule aliitwa Henri Fayol, na somo aliloliandika katika kumbukumbu zake ni kwamba mamlaka lazima iwe na mwakilishi wakati wote. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni nzima ikiwa karibu kufilisika, akaiongoza hadi mwaka 1918 na kuiacha imara, na katikati ya hapo, mwaka 1916, akachapisha zile kanuni 14 za uongozi ambazo watu wanazisoma mpaka leo mashuleni bila kujua kwamba zilitoka kwenye matope ya mgodi.

Kati ya hizo, tatu zinakuhusu. Ya kwanza inasema kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Ya pili ni kwamba mamlaka na uwajibikaji ni mapacha: ukimwambia kapita kwamba mikate ya usiku iko mikononi mwake, umpe pia uwezo wa kuipeleka tanurini, la sivyo umembebesha mzigo bila kamba. Ya tatu ni ngazi ya amri kutoka juu hadi chini, ambayo kila mtu anapaswa kuijua. Ninyi mlikuwa na ngazi yenye kidato kimoja, na kidato hicho kilikuwa kimelala Kasumbalesa.

Ushauri wangu ni mfupi. Meneja asitoke nje ya mji bila kuandika jina la kaimu wake na kulibandika.

Dogo_Kampemba

Yaya Fundi, pole sana. Mzee, kwa heshima yako, mimi naona mambo haya ya ngazi na vidato yamepitwa na wakati. Watu 34 ni wachache. Ondoeni vyeo, wekeni wote katika kundi moja la WhatsApp, mwenye tatizo aandike, mwenye jibu ajibu, na anayeona kazi aifanye. Hakuna kapita, hakuna boni, hakuna farasi.

Mama_Depo

Mwanangu Dogo, ujumbe unaosomwa na watu 34 haujibiwi na mtu hata mmoja, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameshajibu. Nazungumza kama mtu mwenye depo mbili, yaani vituo vya kuuzia mikate, moja Katuba na nyingine karibu na soko, na kundi hilo la WhatsApp tulikuwa nalo. Siku tuliyokosa mikate 200 kundi lilijaa alama za kusikitika, na mikate haikupatikana.

Lakini na wewe, Mzee wangu, kaimu peke yake hatoshi. Kiwanda ninachochukua mikate kina kaimu, na kaimu huyo naye hulala usiku kama binadamu wengine. Nitawapa mfano kutoka upande wa mauzo. Mikate iliyobaki jana lazima ishushwe bei asubuhi na mapema, kabla akina mama wanaouza mitaani hawajamaliza kununua. Ikifika saa nne hakuna anayeitaka. Kwa miaka miwili ruhusa ya kushusha bei ilikuwa inatoka ofisini, na ofisi inafunguliwa saa mbili na nusu, kisha mkubwa anakunywa chai. Kila siku tulikuwa tunarudisha mikate migumu kama matofali. Mwishowe nilienda mwenyewe kumwambia mkubwa: nipe kiwango. Tukakubaliana kwamba msimamizi wa depo anaweza kushusha bei ya mkate wa jana hadi robo bila kuuliza mtu, na akitaka kuzidisha hapo ndipo apige simu. Tangu siku hiyo sijarudisha trei hata moja.

Kwa hiyo, Ndugu Fundi, swali langu kwako ni hili: kabla ya kuuliza kaimu ni nani, uliza ni jambo gani linaloharibika likisubiri, na linaharibika baada ya muda gani. Lako linaharibika kwa muda wa saa moja au mbili. Jambo la saa moja haliwezi kuwekwa kwa mtu ambaye hupatikana mara moja kwa siku.

Mwalimu_wa_Ruashi

Ndugu Fundi, mimi hufundisha uongozi wa biashara katika taasisi moja hapa mjini, na ninakiri kwamba Mama Depo amefundisha kwa mistari michache somo ambalo sisi hulitumia muhula mzima. Hata hivyo naomba niongeze mambo, kwa sababu naona hatari moja ambayo hakuna aliyeigusa.

Nianze na organigramu yako, maana umesema majina yote yalikuwa chini ya meneja. Mwaka 1933 mtaalamu aitwaye V. A. Graicunas alitoa hesabu ya kuonyesha jinsi uhusiano unavyoongezeka pale mkubwa mmoja anapoongeza watu wa kuwasimamia, akihesabu uhusiano wake na kila mmoja, uhusiano wao wenyewe kwa wenyewe, na uhusiano wake na kila kundi linaloweza kujitokeza miongoni mwao. Kwa watu 4 unapata 44. Kwa watu 5 unapata 100. Mtu wa sita anakufikisha 222. Nimeifanya hesabu hiyo kwa watu wako 34 nikapata zaidi ya bilioni 292, na hapo ndipo unapoona kwamba hesabu hiyo si ya kuchukuliwa kama maandiko matakatifu, kwa sababu inahesabu uhusiano unaoweza kuwapo, na wengi wa watu hao hawatahitaji kuzungumza na meneja kwa makundi ya namna hiyo hata siku moja. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli: uchovu wa msimamizi huongezeka haraka kuliko idadi ya watu. Uingereza katika miaka ya 1950 Joan Woodward alichunguza viwanda 100 hivi vya Essex ya kusini akakuta kwamba idadi inayofaa hutegemea aina ya kazi: kwenye viwanda vya kutengeneza kwa wingi, msimamizi wa ngazi ya chini aliweza kuwa na watu wanaokaribia 50, ilhali kwenye viwanda vya mtiririko usiokatika, kama vya kemikali, alikuwa na watu kama 15 tu. Kinachoamua ni kiasi gani cha kazi kimekwisha kuelezwa mapema, na kiasi gani kinahitaji mtu aulizwe kila mara.

Sasa kwenye hatari yenyewe. Mtunza ghala wenu alikuwa sahihi. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa kuwa meneja anataka kumfukuza. Katika kupanga kazi yoyote inayogusa mali kuna mikono mitatu ambayo haifai kuwa ya mtu mmoja: mkono unaoidhinisha, mkono unaotunza na mkono unaoandika hesabu. Mtunza ghala ambaye hutoa mazutu bila idhini usiku kwa sababu nzuri, atatoa pia usiku mwingine kwa sababu isiyo nzuri, na hutaweza kuzitofautisha siku hizo mbili kwenye daftari. Mkimfukuza, mtakayemwajiri baada yake atakuwa amejifunza kwamba kufuata utaratibu hufukuzisha watu, na mtalipa somo hilo kwa mazutu.

Basi ufunguo na usibadilishwe mkono. Kinachohitaji kusogezwa ni saini, ishuke kutoka kwa meneja hadi kwa kapita, kwa kiwango kilichoandikwa, kama alivyofanya Mama Depo kwa bei ya mkate wa jana. Udhibiti hautatoweka kwa kufanya hivyo, utahama tu wakati: badala ya kuzuia kabla ya kutoa, mtahesabu baada ya kutoa, asubuhi, lita kwa lita, mkilinganisha boni na saa za jenereta.

Watu wengi wakisikia neno kugatua hudhani ni jambo la yote au hakuna, kwamba kampuni huwa imekusanya madaraka juu au imeyamwaga chini. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waulize juu ya kila uamuzi peke yake. Kununua unga Zambia uamuzi wake ukae juu kabisa, kwa sababu ni fedha nyingi, hutokea mara chache, na kosa lake linakaa mwezi mzima. Kuwasha jenereta ukae chini kabisa. Kampuni moja inaweza kuwa na vyote viwili bila kujipinga.

Dogo_Kampemba

Mwalimu, nimeelewa, na nimeondoa pendekezo langu la WhatsApp, ingawa sijaondoa lile la kupunguza boni. Nina swali lingine. Kwa nini kila depo isiwe kama kampuni yake, na kiongozi wake, na hesabu yake, na faida yake? Nimesikia kwamba General Motors, ile kampuni ya magari ya Marekani, walifanya hivyo wakatajirika.

Mwalimu_wa_Ruashi

Walifanya hivyo kweli. Alfred Sloan aliyechukua urais wa General Motors mwaka 1923 aliendesha Chevrolet, Buick, Cadillac na nyingine kama vitengo vyenye uongozi na hesabu zao, huku ofisi kuu ikibaki na fedha na mwelekeo wa jumla. Lakini kila kitengo kilikuwa na magari yake na wateja wake, tangu wa bei ya chini hadi wa bei ya juu. Alfred Chandler, mwanahistoria Mmarekani aliyechunguza kampuni hiyo na nyinginezo, alieleza mwaka 1962 kwamba muundo hufuata mkakati. Kwa Kiswahili cha jikoni, chagua kwanza unapika nini ndipo upange mafiga. Kina Fundi wanapika kitu kimoja kwenye tanuri moja. Ukizipa depo tatu uhuru kamili juu ya tanuri moja, kila alfajiri patakuwa na ugomvi wa nani aokewe kwanza. Kwa ukubwa wao, idara zigawanywe kwa kazi: uokaji, usambazaji na mauzo, fedha na ghala. Siku watakapojenga tanuri la pili Likasi au Kolwezi, swali lako litakuwa na jibu lingine.

Fundi_wa_Kamalondo

Asanteni sana. Mtunza ghala hajafukuzwa. Nilimsomea meneja maneno ya Mwalimu, akanyamaza kwa muda, kisha akasema tuendelee. Lakini sasa nimekutana na jambo gumu zaidi kuliko mazutu, na hili sijaliona katika kanuni zozote nilizosoma.

Kapita wa usiku ana miaka 27. Ni kijana makini, anajua kuandika hesabu, hanywi pombe kazini. Mwokaji mkuu ana miaka 58, amekanda unga tangu kapita hajazaliwa, na ni rafiki wa marehemu baba yake. Kijana humwita Papa, kama inavyopasa. Sasa Papa huyo anapoamua kwamba kundi la pili la unga lisubiri, kapita hawezi kumwambia hapana, na mimi nisingependa kumwona akimwambia hapana kwa sauti mbele ya watu. Kwenye karatasi kapita ndiye mkubwa. Kwenye chumba cha kukandia, kila mtu humtazama mzee kwanza kabla ya kusogeza mguu. Ile kanuni ya mkubwa mmoja, kwetu sisi, ina wakubwa wawili tangu siku ya kwanza, na wote wawili ni halali.

Mzee_wa_Shimo

Hapo umegusa penyewe, mwanangu. Neno kapita lenyewe lilikuja huku na watu wa misafara, kutoka Kireno, na mzee wangu alinieleza kwamba katika siku za Union Minière, ile kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, kapita alikuwa anachaguliwa na wakubwa kwa sababu zao, na wachimbaji walikuwa na mtu wao mwingine waliyemsikiliza. Kapita mwenye busara alimjua mtu huyo na alimsalimia asubuhi kabla ya kufungua daftari.

Mimi nilipokuwa mkuu wa sehemu nilikuwa na fundi aliyenifundisha kazi. Sikumpa amri hata siku moja. Nilikuwa namwambia: Papa, leo tunatakiwa kumaliza pampu ya tatu, tufanyeje? Naye alikuwa anatoa amri yeye, na pampu inakamilika. Sijui vitabu vinaitaje jambo hilo.

Mwalimu_wa_Ruashi

Vitabu vinalizunguka, Mzee, lakini vinaweza kusaidia. Frederick Taylor, Mmarekani aliyepima kazi kwa saa ya kupimia muda, alipendekeza kwamba mfanyakazi asimamiwe na wasimamizi wanane, kila mmoja kwa ujuzi wake: mmoja kwa kasi, mmoja kwa ukaguzi, mmoja kwa matengenezo, na kadhalika. Fayol alimpinga hadharani kwa kuwa hapo mfanyakazi angekuwa na mabwana wanane. Wote wawili walikuwa wameona ukweli. Taylor aliona kwamba ujuzi hauko wote kwa mtu mmoja. Fayol aliona kwamba amri zikigongana, anayeumia ni wa chini.

Kinachowapatanisha ni kutaja mipaka ya kila mmoja kwa jambo, na jambo lenyewe liwe la kuonekana. Mzee awe na neno la mwisho juu ya unga: umekandwa vya kutosha, umeumuka vya kutosha, uingie tanurini au usiingie. Kapita awe na neno la mwisho juu ya saa, watu, mazutu na idadi ya mikate inayotoka kwa kila depo. Kijana asimwambie Papa kwamba unga uko tayari. Papa asimwambie kijana nani apewe likizo. Pale wanapogongana kweli kweli, kwa mfano unga haujawa tayari na baiskeli za wasambazaji zinapiga kengele nje, waamue mapema, siku ya mchana wakiwa wametulia, ni nini kinachotangulia.

Jambo la pili ni kupunguza idadi ya amri zenyewe. Henry Mintzberg wa Kanada aliandika mwaka 1979 kwamba watu huunganisha kazi zao kwa njia chache tu: huelewana wenyewe ana kwa ana, au msimamizi huwaelekeza, au hatua za kazi hupangwa mapema, au hupangwa matokeo, au hupangwa ujuzi wa kila mtu kabla hajaingia kazini. Amri ya mdomo ni moja kati ya hizo tano, nayo ndiyo inayomgharimu heshima anayepewa akiwa ni mkubwa kwa umri. Ubao wenye ratiba ya makundi ya unga na saa zake, ulioandikwa na Papa mwenyewe na kapita wakiwa pamoja, unamwamuru kila mtu bila kumvunjia heshima yeyote. Kijana anaelekeza kidole ubaoni tu.

Mama_Depo

Na huo ubao uwe na wasambazaji pia. Wavulana wa baiskeli ndio wanaopata amri kutoka kila upande. Kapita anawaambia waanzie Kamalondo, mtunza fedha anawaambia waanzie kwa mteja aliyelipa jana, na mama mwenye mali akipita na gari lake anawaambia wapeleke trei mbili kanisani. Mwishowe wanaanzia kwa anayewapa chai. Mimi hao ndio ninaowahurumia katika kiwanda chochote, kwa sababu hawana cha kusema na ndio wanaolaumiwa.

Tena Fundi, hujatuambia habari ya huyo mama. Yeye ni meneja au ni mwenye hisa?

Fundi_wa_Kamalondo

Ni mwenye hisa, Mama, na hisa zake ndizo nyingi. Kampuni ni SARL, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, na tangu Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012 sheria inaeleza wazi kwamba wenye hisa huamua katika mkutano wao, na meneja ndiye anayeendesha kila siku. Mama analijua hilo. Lakini ndiye aliyeanza kwa kuoka mikate uani kwake, na anapoingia kiwandani haingii kama mwenye hisa, anaingia kama mtu anayeingia jikoni kwake. Nimeuliza kwa adabu kama angeweza kupitishia maagizo yake kwa meneja. Alinijibu kwamba yeye ndiye aliyembeba meneja huyo mgongoni.

Mzee_wa_Shimo

Usishindane na mgongo uliombeba mtu. Mpe mlango wa kupitia. Fayol mwenyewe alikubali kwamba ngazi ikiwa ndefu mno, watu wawili wa idara tofauti wajenge daraja kati yao na kumalizana moja kwa moja, mradi wakubwa wao wamekubali na wamejulishwa. Mjengeeni mama daraja lenye maandishi.

Fundi_wa_Kamalondo

Narudi baada ya wiki sita kueleza tulichofanya na kilichotokea.

Organigramu ya zamani niliishusha. Mahali pake kuna karatasi yenye maamuzi 19 yanayojirudia kiwandani, niliyoyakusanya kwa kukaa zamu nne za usiku na kuandika kila mara mtu aliposema neno ngoja. Mbele ya kila uamuzi kuna muda ambao unaweza kusubiri, jina la kazi ya anayeamua, na kiwango chake. Baada ya hapo tu ndipo nilipochora visanduku, na vilijipanga karibu vyenyewe: meneja sasa anasimamia moja kwa moja watu watano, ambao ni makapita wawili, msimamizi wa usambazaji na depo, mhasibu, na mtunza ghala. Mtunza ghala tulimwacha nje ya mamlaka ya kapita kwa makusudi, kwa sababu ya ile mikono mitatu.

Kapita wa usiku husaini boni ya mazutu hadi lita 40 kwa zamu. Mtunza ghala hahitaji tena kutembea usiku. Kila jioni hutoa madumu mawili ya lita 20 kwenye kabati la chuma lenye lakiri, na asubuhi huhesabu kilichobaki mbele ya mhasibu. Umeme umekatika usiku mara kadhaa tangu hapo. Hatujamwaga unga. Mara moja hesabu ilipungua lita sita, tukagundua kwamba jenereta linavuja, jambo ambalo pengine lilikuwa likiendelea tangu zamani bila mtu kulijua.

Ubao upo. Papa aliuandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, na sasa anaulinda kuliko kapita. Juzi alimkemea kijana wa trei kwa kuufuta na bega. Walichokubaliana juu ya baiskeli ni kwamba unga usipokuwa tayari, msambazaji wa kwanza anaondoka na nusu ya mzigo kwenda depo ya karibu na kurudi. Sikulifikiria hilo mimi, walilifikiria wao.

Kilichoshindikana ni mtunza fedha, ambaye bado huwapa wasambazaji orodha yake pembeni. Bado nashughulika naye.

Kuhusu mama, nilifuata neno la Mzee la daraja. Tulichapisha kitabu cha boni za rangi ya manjano, chenye maneno matatu juu: Maagizo ya Mama. Kinakaa kwa kapita. Jumamosi iliyopita mama alikuja saa kumi na moja alfajiri, kulikuwa na kilio kwa jirani yake Katuba, akataka mikate 60 ipakiwe kwenye gari mara moja. Kapita alimsalimia, akaamuru mikate ipakiwe, kisha akamletea kile kitabu kwa mikono miwili pamoja na kalamu. Wavulana wote wa baiskeli walikuwa wamesimama wanatazama. Mama alikisoma kitabu mbele na nyuma, akauliza nani aliyekitengeneza, akaambiwa ni mimi. Akaandika 60, akasaini, akachana nakala yake na kuitia mkobani.

Mama_Depo

Nitumie picha ya hizo boni, Ndugu Fundi. Mimi nahitaji za rangi tatu.